Meli Mbili za Masika

Lindi, 12 Februari 1951

Kwa dada yangu Sada binti Pazi, Kinjumbi

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Salumu. Mimi sijambo, kazi ya ukarani hapa bandarini inaendelea, ila joto la mwezi huu linamkausha mtu. Uzi wa nyavu alioagiza shemeji nimeupata, nitampa mtu anayekuja huko. Mpe mama shikamoo yangu. Mwahija naye msalimie.

Sasa nisikilize vizuri. Daktari wa macho anakuja Lindi. Atakuwepo kuanzia tarehe 18 Aprili mpaka tarehe 24 Mei, kisha anakwenda zake na hatarudi mwaka huu. Anaondoa mtoto wa jicho, na watu wazima kuliko mama wameona tena kwa mkono wake. Mtu mmoja wa wodi ya wanawake ndiye aliyenipa habari, na jina la mama ameshaliandikisha.

Wakati huo barabara ya Kilwa na Lindi itakuwa imefungwa kwa mvua, kwa hiyo njia ni meli. Itatia nanga Masoko Jumanne tarehe 17 Aprili. Tokeni Kinjumbi Jumamosi. Mama asitembee, tafuteni watu wanne wambebe kwa machela mpaka kivuko cha Matandu. Mvuke asubuhi. Laleni Nangurukuru, na Jumatatu mpande lori la chumvi mpaka Masoko. Hapo mwulizeni Petro, karani wa meli, tiketi zenu mbili anazo yeye. Meli haifiki ufukweni. Mtapelekwa kwa mashua, na asiyeweza kupanda ngazi huinuliwa kwa kapu kubwa la kamba. Mwambie mama mapema habari ya hilo kapu, asije akashtuka. Meli ikikaa sana ni saa tatu, na haimngoji mtu.

Jambo moja usilisahau. Jicho likiwa jekundu na kuuma pamoja na kichwa, halingoji. Huyo mtu wa hospitali amenisisitizia kwamba likikaa hivyo wiki kadhaa linakufa, na hakuna wa kulirudisha.

Wasalaam, ni mimi mdogo wako,
Maftaha bin Pazi


Kinjumbi, 9 Machi 1951

Kwa mdogo wangu Maftaha

Marahaba. Sisi tupo, twamshukuru Mungu. Salumu alichomwa na mwiba wa samaki taa mguuni, sasa anaweza kukanyaga. Mpunga wa bondeni umeanza kuliwa na ndege, na mama ndiye aliyekuwa akikaa kuwafukuza kwa kopo. Sasa hawezi, anapiga kopo ndege wakiwa wameshatua.

Barua yako ilisomwa na Mwalimu Abdala, barazani kwake, na watu wawili wamekaa wanasikiliza. Unajua herufi za Kizungu mimi sizijui. Ninazozijua ni hizi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni na marehemu baba, nawe unazijua kama mimi. Ukiwa na neno la ndani, liandike kwa hizi.

Jicho la kushoto limekuwa jekundu tangu wiki iliyopita. Mama anasema ni moshi wa jikoni, lakini amehamia kupika nje na wekundu haujaondoka. Kichwa kinamuuma upande huo huo. Amekubali kuja. Habari ya kapu nimemwambia, akacheka kwamba atainuliwa kama gunia la ufuta.

Anauliza mambo mawili. Tukifika Lindi tunafikia kwa nani? Na nani anakupikia? Miaka saba uko huko na hujawahi kututajia hata jirani. Mwahija alikuwa amekaa hapo barazani barua inasomwa. Ukamsalimia kwa neno moja. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuposee kwa mjomba.

Nakutakia heri,
Dada yako Sada


Lindi, 30 Machi 1951

Kwa dada Sada

Shikamoo. Sote tu wazima. Naandika haraka, niko ofisini, kwa hiyo herufi ni zile zile, mwalimu atanisamehe.

Mvua imeanza mapema, na nimesikia Matandu umeanza kupanda. Tokeni Ijumaa badala ya Jumamosi. Mkifika kivukoni msikubali kuvuka jioni, hata mwenye mtumbwi akisema maji ni shwari. Machela mwende nayo mpaka Masoko, itafaa kumlaza mama juu ya lori. Chukueni chakula cha siku mbili na kitambaa cheusi cha kumfunika jicho, mwanga wa baharini utamchoma. Mimi nitakuwa gatini Lindi tangu asubuhi ya tarehe 18.

Nyumba ninayokaa iko Mikumbi, ina nafasi ya kutosha. Mengine tutazungumza mkifika.

Kwa jinsi ulivyonieleza habari za jicho, usiache meli hii ipite. Nimemwuliza tena mtu wa hospitali. Amesema wekundu huo ndio aliouogopa, na kila wiki ni hasara.

Mdogo wako,
Maftaha


Kinjumbi, 20 Aprili 1951

Kwa Maftaha

Tumepokea salamu zako. Hatukuweza kuja. Matandu ulijaa na mtumbwi haukuwepo. Tulingoja siku mbili kivukoni, tukarudi. Mama hajambo. Salumu anakusalimu.

Sada


Lindi, 1 Mei 1951

Kwa dada yangu Sada

Shikamoo. Afya yangu ni njema. Kama unavyoona, leo naandika kwa herufi ulizotaka. Soma peke yako.

Barua yako imenifikia jana kwa mkono wa tarishi. Dada, mimi tarehe 18 nilisimama gatini tangu alfajiri. Meli ilipotia nanga sikungoja mashua zirudi, nilikwenda na ya kwanza mpaka ubavuni mwa meli, nikaita jina la mama. Nikaita na lako. Baharia mmoja akaniambia nipande nitazame mwenyewe, nikazunguka sitaha yote nikifunua vitambaa vya akina mama wa watu mpaka nikafukuzwa. Kisha nikapewa barua ya Petro, iliyokuja na meli ile ile. Ameandika kwamba mlifika Masoko Jumatatu mchana, mkalala kwake, mkaingia mashuani Jumanne asubuhi. Kapu lilishushwa. Mama akakataa, mkarudi pwani.

Basi mto mliuvuka. Mtumbwi ulikuwepo. Kwa nini umeniandikia vile?

Petro anaomba radhi. Anadhani huenda yeye ndiye aliyeponyokwa na maneno mbele yenu akamtia mama hasira. Hakusema maneno gani, lakini mimi nayajua, kwa kuwa ni jambo moja tu ambalo Petro analijua nanyi hamlijui. Nitalisema mwenyewe sasa, ingawa nimechelewa.

Nina mke. Anaitwa Rosalia binti Leonadi, watu wao ni Wamakonde wa Newala, ni Mkristo. Ndoa ilifungwa na kadhi hapa Lindi miezi kumi na minane iliyopita. Baba yake alikataa kuja, na mpaka leo hajatia mguu kwetu. Rosalia ndiye huyo mtu wa hospitali ninayemtaja. Yeye ndiye aliyemwandikisha mama, na ndiye anayeniuliza kila jioni habari za jicho la mwanamke asiyemjua. Tuna mtoto wa kiume, ana miezi saba. Nimempa jina la baba.

Niliogopa. Nilimwogopa mama, nikamwonea haya Mwahija, na kila barua niliyoandika ilikuwa isomwe barazani kwa Abdala. Hizo ndizo sababu zangu, na najua hazitoshi.

Sasa mwambie mama anitukane anavyotaka, lakini aje. Meli inayofuata, ambayo ndiyo ya mwisho kabla ya daktari kuondoka, itakuwa Masoko Jumanne tarehe 15 Mei. Petro amegeuza tiketi zenu. Barua hii ikienda vizuri itakufikia tarehe 9 au 10, kwa hiyo hakuna nafasi ya kunijibu, tokeni tu. Mkichelewa Matandu siku moja, mmelikosa lori. Mkilikosa lori, mmeikosa meli.

Mkubwa wa kazi anasema huenda nikapelekwa Mtwara kuhesabu mizigo ya bandari mpya. Nitajitahidi nisiende.

Mdogo wako aliyekosa,
Maftaha


Masoko, 15 Mei 1951

Kwa Maftaha

Naandika juu ya benchi la Petro. Salumu na watoto wa mjomba wazima, wamebeba machela mpaka hapa wenyewe kwa kuwa wachukuzi walikataa tope. Matandu tulivuka maji yakiingia mtumbwini, mama amelala, mimi nakumba maji kwa kata. Lori lilikwama mara mbili. Meli tumeikuta imeshapiga honi ya kwanza.

Mama yumo melini. Ameinuliwa kwa kapu. Yuko peke yake. Tiketi yangu nimemrudishia Petro.

Habari ya mkeo mama anaijua. Alikuwa anaijua hata kabla ya barua yako. Wiki iliyopita aliamka akaniambia haoni moto wa jiko kwa upande wa kushoto, hata weupe wake. Akakaa kutwa. Jioni akasema, "Nitakwenda Lindi. Wewe baki." Nimemwomba mara tatu nifuatane naye, hata leo ufukweni nimemwomba. Hataki.

Usiniulize kwa nini. Kuna mwanamke wa Kivinje, mama yake Ahmadi, anakwenda Mikindani, nimemkabidhi amwangalie chooni na kwenye maji ya kunywa. Barua hii Petro ataipeleka melini na mashua ya mwisho, aifunge kwenye pindo la kanga ya mama. Jicho usiliguse kwa mkono mtupu, linamuuma sana.

Mpokee vizuri.

Sada


Lindi, 4 Juni 1951

Kwa dada yangu Sada

Shikamoo dada, na kesho kutwa Mungu akipenda tutaanza kufunga, natanguliza kheri za mwezi. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kukuandikia jambo lililokwisha, si nusu yake.

Mimi sikumpokea mama. Tarehe 14 nilipelekwa Mtwara. Nilimwambia mkubwa wa kazi kwamba mama yangu ni mgonjwa, anakuja na meli. Akasema, "Kila mtu ana mama." Nikapakiwa kwenye tishali la kuvutwa lililobeba saruji mchana huo huo. Haya ninayokuandikia nimeyapata kwa Rosalia, na mengine kwa mwenye mashua.

Rosalia alikwenda gatini na mtoto mgongoni. Mashua ilipofika alimtambua mama kwa kile kitambaa cheusi. Angeweza kusema ametumwa na hospitali, kwani alikuwa amevaa nguo za kazi, na mimi ndivyo nilivyomfundisha kabla sijaondoka. Hakusema hivyo. Alisema, "Shikamoo mama. Mimi ni Rosalia, mke wa Maftaha. Amepelekwa Mtwara juzi, hakupenda kwenda."

Mama hakuitikia. Alishika ukingo wa mashua akatulia. Watu wote wakashuka, mizigo ikashushwa, yeye amekaa. Mwenye mashua akamwambia, "Bibi, maji yanatoka, tutakwama hapa." Mama akamwambia, "Nirudishe melini." Yule akamjibu kwamba meli inaendelea Mikindani, haitapita hapa tena kwa wiki nzima. Rosalia alikuwa amenyoosha mkono muda wote huo. Anasema mtoto alikuwa analia mgongoni. Mwishoni mama akautafuta ule mkono hewani, akaukamata, akashuka.

Siku mbili hakusema naye neno. Alikula alichopewa. Alipohitaji maji alisema "maji" kama anaongea na ukuta. Rosalia alimwosha, akamfua nguo, usiku akamlaza kitandani petu, naye na mtoto wakalala mkekani.

Tarehe 18 ilikuwa zamu ya mama kupasuliwa. Pale lazima jamaa wa mgonjwa atie sahihi, bila hivyo daktari hashiki kisu. Mganga msaidizi, Valentini, aliuliza jamaa yuko wapi. Rosalia akasema mwanawe yuko Mtwara. Valentini akasema kama hakuna jamaa wamngoje mwanawe, na kama hatawahi basi, wagonjwa wengine wako mlangoni. Rosalia akataka kuchukua kalamu. Valentini akamzuia, "Wewe mfanyakazi wa hapa, huwezi kumtilia sahihi mgonjwa." Rosalia hakujitetea. Anasema hakutaka kulitamka jina la ujamaa ambalo mama mwenyewe hajalikubali.

Mama ndiye aliyesema. "Huyo ni mke wa mwanangu. Mpeni hiyo karatasi."

Niliporudi tarehe 22 nilimkuta amefungwa macho, na mtoto amelala kifuani pake. Bandeji ilifunguliwa tarehe 23, siku moja kabla daktari hajaondoka. Jicho la kulia linaona. Aliona vidole vya daktari akavihesabu sawasawa, akaona kanga ya Rosalia akaitaja rangi. Tulifurahi mpaka Rosalia akatoka nje kufuta machozi.

Jicho la kushoto daktari hakuligusa. Amesema lilikufa yapata wiki mbili au tatu kabla mama hajafika. Nilimwuliza ingekuwaje kama mama angekuja na meli ya mwezi wa nne. Akasema hawezi kuapa, lakini angeweza kujaribu, sasa hakuna cha kujaribu.

Dada, mama anazungumza na Rosalia kuliko anavyozungumza na mimi. Wanashinda pamoja wakichambua mboga, wakicheka mambo nisiyoyajua. Kwangu ana salamu tu, na hiyo naijua nimeistahili. Lakini juzi aliniita. Akaniuliza, "Ulipoandika, ulisema kuchelewa kuna hasara?" Nikasema ndiyo, nimeandika mara mbili. Akauliza, "Na Abdala alisoma yote?" Nikasema sijui. Akageuza uso, hajaniuliza tena.

Nami nakuuliza wewe. Nini kilitokea mashuani? Petro yuko hapa wiki hii kwa kazi, nimemshika mbele ya watu nikamlaumu kwa mdomo wake, ameapa kwa dini yake kwamba kwa mama hakufungua kinywa.

Maftaha


Kinjumbi, 20 Juni 1951

Kwa mdogo wangu Maftaha

Natumaini mnafunga salama. Sisi huku tunafunga, na mvua imekatika. Mwahija nimemwambia mimi mwenyewe, nyumbani, si barazani. Hakulia mbele yangu. Amekwenda Mitole kwa shangazi yake kusaidia mavuno, na posa mjomba ameirudisha. Usimwandikie.

Mwombe Petro radhi. Abdala alisoma yote, barua zote mbili, hakuruka neno.

Siku ile ya kwanza Masoko, Petro alinivuta kando tulipokuwa tunangoja mashua. Alitaka kunitoa hofu. Akasema, "Msiwe na wasiwasi, mke wa Maftaha ni wa hospitali, atawapokea vizuri, na mtoto wao mzuri sana." Alidhani najua. Nikamshukuru, nikaenda kumshika mama mkono tukaingia mashuani.

Bahari haikuwa mbaya. Meli ilikuwa kubwa kama kilima, na kapu limeshashushwa linaning'inia juu yetu, baharia anatuita. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia sikioni, "Mama, Maftaha ameoa Lindi, ameoa Mkristo, ana mtoto, na kwao ndiko tunakokwenda kulala." Ningeweza kumwambia tukiwa tumeshapanda. Ningeweza kunyamaza.

Mama alinigeuzia uso. Kisha akaniuliza, "Sada, tukirudi leo, jicho litapata hasara?" Aliuliza kwa utulivu kabisa, Maftaha. Alikuwa ananitegemea mimi, kwa kuwa yeye barua hakuzisikia, alikuwa nyumbani amelala na kichwa. Nikamjibu, "Hakuna hasara mama. Meli zipo nyingi." Akamwambia mwenye mashua, "Turudishe."

Unataka kujua kwa nini. Nimejiuliza kila siku tangu aliponiambia haoni moto wa jiko. Nilikasirika kwa ajili ya Mwahija, lakini si hilo tu. Baba alipokufa tulikungoja siku tatu ndani ya nyumba hii, nikikuandalia chakula kila jioni, hukuja, ukaleta barua. Miaka saba namwongoza mama chooni, kisimani, msibani. Halafu ndani ya mashua nikaona kwamba ninambeba nikakukabidhi wewe na mtoto wako mzuri, na kwamba akiona tena atakuona wewe kwanza. Nikataka kwa siku moja wewe ndiye usimame ufukweni umngoje mtu asifike. Siku moja tu. Sikutaka jicho. Lakini nilijua habari ya jicho nilipokuwa nasema, siwezi kukudanganya kwamba nilisahau.

Mama ameshafahamu. Ndiyo maana hakutaka nifuatane naye. Lakini kufahamu si sawa na kuambiwa.

Kwa hiyo usimsomee barua hii, wala usimwambie kilichomo. Baada ya sikukuu nitatoka Kinjumbi. Matandu sasa unavukika kwa miguu, na lori ni la kila siku. Nitapanda meli ya tarehe 10 Julai, niwe Lindi tarehe 11. Nitakaa mbele yake, upande wa kulia ili anione, niseme mwenyewe yote niliyosema ndani ya mashua ile. Kwa Rosalia pia nina maneno, hayo nitayatafuta njiani.

Niandikishie nafasi ya kurudi kwa meli hiyo hiyo ikipanda kurudi Masoko tarehe 18. Mama akitaka nibaki, utaifuta.

Dada yako,
Sada binti Pazi